Chuma cha Vitumbua na Krismasi ya Shangazi Mariamu

Watu husafiri kwa biashara, kwa msiba, au kwa kuwakimbia wakwe. Mimi nilivuka bahari kwa sababu ya wimbo.

Habari ililetwa nyumbani kwetu Tanga na baharia mmoja, katikati ya miaka ya themanini, mwezi wa kumi na moja ukianza. Alikaa, akanywa chai yetu yote na ya jirani, ndipo akamwambia baba: "Mzee, dada yako wa Bukini nimemwona. Mzima, anauza vitumbua, kanisani hakosi. Lakini Krismasi haimbi."

"Haimbi vipi? Anaumwa koo?"

"Koo zima! Nyimbo za Majilio anaziimba mpaka mabati yanatikisika. Ikifika mkesha, kwaya ikianza wimbo wa kwanza wa Krismasi, anajifunga kanga anatoka nje. Watu wamekwishamzoea."

Baba aliweka kikombe chini. Baba yangu ni sauti ya nne ya kwaya yetu. Akishuka chini, wanaokaa benchi la mbele huinua miguu. Yeye na dada yake Mariamu walikulia katika kwaya hiyo, mpaka shangazi alipoolewa na seremala wa meli kutoka Bukini, yaani Madagaska, akahamia huko. Mtu wa ukoo wetu kutoka nje wakati wa Krismasi! Baba hakugusa chakula jioni ile, na ulikuwa wali.

"Mimi miguu imekataa," akaniambia asubuhi. "Nenda wewe. Sauti unayo, na sasa una cheti."

Cheti hicho ni cha masomo ya jioni. Nilikipata mwaka huohuo nikiwa na ndevu tele, baada ya kusoma chini ya taa hafifu kiasi kwamba mistari mingine tuliisoma kwa kupapasa. Mwalimu wetu wa jiografia nilikuwa nimembeba mgongoni utotoni mwake. Huyo ndiye aliyenionyesha Bukini kwenye ramani: kama kandambili iliyovuliwa mlangoni pa Afrika. Nikaona ni hatua moja tu, nikafunga mzigo.

Baharini nilijuta jiografia yote. Meli ilikuwa ndogo, imebeba saruji, na mawimbi yalikuwa na urefu wa mnara wa kanisa, mengine na msalaba wake juu. Nilitapika mpaka chakula cha siku ya ubatizo wangu. Nahodha alinionea huruma akaniambia kwamba ataniteremsha kisiwani Nosy Be, kisha meli itazunguka bandari nyingine na kupakia Mahajanga, kwenye kisiwa kikubwa, mara baada ya Krismasi. Nikitaka kurudi naye, nimkute huko. Namshukuru mpaka leo, ingawa siku ile sikuwa na nguvu ya kusema asante.

Nosy Be nilishukia mji wa Hell-Ville. Kwa Kiingereza changu cha jioni, jina hilo, mji wa Jehanamu, lilinisimamisha nywele. Nikajiuliza baba amenituma Majilio gani haya. Kumbe ni jina la jemadari fulani wa Kifaransa, na mji wenyewe unanukia kama bibi harusi, kwa sababu kisiwa kizima kimepandwa milangilangi ya kukamulia marashi. Wakaazi huzungumza Kimalagasi na Kifaransa. Kiswahili changu kiliuzunguka mji mzima kikapata wateja wawili: mzee wa Kikomoro aliyenijibu kwa lugha yake, tukaelewana nusu kwa nusu, na mwenye gari aliyekuwa akijua neno moja tu, "karibu," nalo kwake ni Kimalagasi halisi. Alilisema huku akifungua mlango, na kwa neno hilo moja nikafika Ambatoloaka.

Ambatoloaka wakati ule kilikuwa kijiji cha ufukweni kilichoanza kuota hoteli. Shangazi nilimjua kwa mbali, kwa vile alikuwa amesimama kama baba anavyosimama, mkono mmoja kiunoni kana kwamba ulimwengu umechelewa kazini. Aliniangalia. Mimi nimepewa jina la baba yake, na nasikia na masikio yake pia.

"Baba," akasema, maana ndivyo anavyoniita mpaka leo, "umekuja na masikio hayohayo!" Akalia, akacheka, akanilisha mokari. Hivyo ndivyo wanavyoita kule vitumbua vyao vya mchele na nazi. Kiswahili chake kilikuwa kama nguo ya harusi iliyohifadhiwa sandukuni: safi, ina harufu ya zamani, na mikunjo haitoki.

Jumapili iliyofuata nilifanya kosa ambalo ni mtu wa kwaya ya Tanga tu angeweza kulifanya. Kwetu, wasomaji wangu, nyimbo za Krismasi tunaanza kuzizoea mapema. Ikifika Desemba hata wauza samaki wanazijua. Kule Ambatoloaka ni mwiko. Zile Jumapili nne kabla ya Krismasi huwashwa mshumaa mmoja, kisha wa pili, wa tatu na wa nne, katika makopo ya maziwa yaliyojazwa mchanga, na zinaimbwa nyimbo za Majilio peke yake: njoo, tunakungoja, njoo. Wa Krismasi hauruhusiwi hata kupigiwa mluzi jikoni. Mimi, nilipokaribishwa kutoa salamu za Tanga, nikajaza kifua nikawashushia ule wimbo ambao kwaya yetu huufungulia mkesha:

"Mtoto amelala, nasi tumeamka..."

Ubeti haukufika mwisho. Kanisa liliganda. Mtoto mmoja alimuuliza mama yake kitu kwa sauti, na bila kujua Kimalagasi nilielewa kwamba aliuliza kama Yesu amewahi. Shangazi alinivuta shati mpaka nikakaa, akanifinya paja. Alama ipo hadi leo, ukitaka njoo nikuonyeshe.

"Hajazaliwa, baba!" akaninong'oneza. "Tunangoja. Huwezi kumwambia mgeni karibu ndani wakati hata hodi hajapiga."

Kisha akasimama yeye kuokoa jahazi. Akaimba wa Majilio, ule wa kwetu wa zamani:

"Njoo, uliyeahidiwa, nyumba imefagiwa, taa haijazimwa..."

Jamani, baharia hakudanganya kuhusu mabati. Nimesikia waimbaji wengi, lakini sauti ile ilikuwa ya mtu anayeita jina la mtu halisi, anayejulikana kwa sura, aliyeko mahali fulani na anaweza kusikia. Nikajua hapa kuna jambo.

Jioni ile, tukikuna nazi uani, nilimuuliza. Alimaliza kwanza nazi aliyoishika.

"Unajua nina mtoto?"

Nilijua. Anaitwa Soa, binti yake wa pekee.

"Alipata mchumba Mahajanga. Fundi wa cherehani, kijana wa Kikomoro, Mwislamu. Nikamwambia, ukiolewa na huyo, siku ya kurudi kwangu uje peke yako. Akaolewa." Akachukua nazi nyingine. "Kipo chuma kingine cha vitumbua, kilikuwa chake. Marehemu mume wangu alikiagiza kifuliwe kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Nikakificha chini ya kitanda."

Baada ya hapo, katika miaka ya sabini, Mahajanga kulitokea machafuko mabaya. Watu wa asili ya Komoro walipoteza nyumba na ndugu, na walionusurika wengi walipelekwa visiwani Komoro. Soa na mumewe walikuwa miongoni mwao. Baada ya miaka wakarudi kimya kimya, wakapanga nyumba mtaa wa Mangarivotra. Shangazi aliipata habari hiyo kwa watu.

"Na hujaenda?"

"Aliyeondoka ndiye anayerudi, baba. Mimi sijaondoka. Mimi nangoja." Akapangusa macho kwa kiwiko, mikono ikiwa imejaa nazi. "Kwa hiyo kwangu mimi bado ni Majilio. Nitaimbaje 'amekuja' wakati hajaja?"

Nikakuna nazi.

Asubuhi moja kabla ya Jumapili ya nne nilipofunga mzigo kuelekea Mahajanga kuiwahi meli, nikamkuta shangazi mlangoni amevaa viatu. Begani ana kifurushi kizito kilichofungwa kwa kanga.

"Nakusindikiza," akasema. "Huko njiani utapotea. Kifaransa chako ni bonjuu na mersii, na mersii yenyewe unaisema kama unapiga chafya."

"Mpaka wapi, shangazi?"

"Mpaka bandarini Mahajanga. Nikuone umepanda meli, nigeuze."

"Na hicho kifurushi?"

"Chakula."

Chakula hicho kilipogonga nguzo ya mlango kililia kama kengele. Nilitazama pembeni kama mtu aliyelelewa vizuri.

Kutoka kisiwani tulivuka kwa boti ya injini hadi bara, kisha katika mji wa Ambanja, unaonukia kakao, tukapata gari la kwenda Mahajanga. Lilikuwa lori lililofungwa mabenchi, na dereva wake, mtu mnene mwenye kofia ya sufu katika joto lile, aliitwa na abiria wote Dada. Kule Dada ni baba, na nilichukua muda kuzoea kumwita dada mwanamume mwenye masharubu kama ufagio.

Njiani mvua ilitukamata. Simaanishi mvua kama hizi zetu. Ilikuwa mvua ambayo Nuhu angeisikia akaomba ushauri. Kila mto ulikuwa umepanda kitandani kwa jirani yake. Tulilala mji huu tukingoja maji yapungue, tukalala mji ule tukingoja kivuko kitengenezwe, na kila tulipolala kulikuwa na mtu aliyetupa mkeka, wali, na yale maji yanayochemshwa kwenye ukoko wa wali, mekundu, yenye ladha ya moshi. Watu hao hawakutujua, na wengi hawakutaka malipo. Majina yao sikuyashika, lakini Mungu anayo.

Kupita mji wa Antsohihy, lori likazama. Si magurudumu tu. Nilidhani tutatokea Amerika. Nikategemea dereva atatukana, kama wetu wangefanya. Hakutukana. Alizima injini, akashuka, akakunja suruali, akasema maneno matatu hivi, na abiria wote wakateremka, wazee kwa vijana, bila kunung'unika.

"Anasemaje?" nikamuuliza shangazi.

"Anasema tutengeneze njia."

Na ndiyo desturi yao. Katika miezi ya mvua, nauli ni ya kukalia benchi. Barabara unaijenga mwenyewe. Mmoja anakata matawi, mwingine anaokota mawe kando ya kijito, wanayapanga mbele ya gurudumu, lori linasogea urefu wa kitanda, wanayachomoa nyuma wanayapeleka mbele. Nilibeba mawe makubwa kama ng'ombe, mengine yakiwa na nundu. Tatizo likawa matope yaliyolala chini ya ekseli: majembe yalikuwa machache na watu wanachota kwa mikono.

Shangazi alisimama akiwatazama. Kisha akafungua kanga, akatoa chuma cha vitumbua, kizito, cheusi, kimepakwa mafuta kisishike kutu, na kile kipini chake kirefu. Akaingia nacho chini ya lori.

Dereva akapiga kelele, na shangazi akanitafsiria akicheka, uso umejaa tope: "Anauliza, mama, hicho ni cha kupikia au ni jembe? Nimemwambia, kimekaa bure siku nyingi, leo kifanye kazi yoyote."

Wakaanza kuimba. Abiria mmoja alianza, na wengi wao walikuwa watu wa makanisa, na ilikuwa Majilio, kwa hiyo wimbo ulikuwa wa Majilio. Nabii Isaya anasema itengenezeni njia ya Bwana, nyosheni njia kuu jangwani. Nimelisikia neno hilo kila Desemba tangu nizaliwe, nikidhani ni maneno ya kupamba ibada. Sasa nalisikia nikiwa nimezama hadi magotini, jiwe mikononi, na watu wanaoliimba wanalifanya palepale.

Shangazi alikuwa haimbi. Nilimwona amesimama na chuma chake, anatazama mawe yanavyotolewa nyuma na kupelekwa mbele.

"Baba," akaniita.

"Naam, shangazi."

"Mimi nimeimba njoo, njoo, miaka yote hii. Nimekaa kwenye kigoda changu naimba njoo. Hivi jiwe lolote nimewahi kuweka?"

Hakuwa ananiuliza mimi. Aliinama akaendelea kuchota.

Mahajanga tuliingia siku mbili kabla ya mkesha, tukiwa tumekauka tope kama sanamu. Joto la mji ule lingeweza kuivisha yai likiwa bado ndani ya kuku. Shangazi akadai twende bandarini kwanza tuulizie meli yangu. Tukaambiwa haijafika. Akadai tutafute sabuni. Tukapata sabuni. Akadai tukae kidogo baharini tupunge upepo. Tukapunga. Nilipoona anatafuta dai jingine, nikaita kigari cha kuvutwa na mtu, ambacho wenyewe huita puspusi, nikamwambia mvutaji neno moja: "Mangarivotra."

Shangazi hakubisha. Alipakata chuma chake njia nzima.

Mangarivotra nyumba ya fundi wa cherehani haikuwa ngumu kupatikana. Ilikuwa ya mabati, ina ua mdogo, na cherehani tatu zimekaa barazani zikingoja kutengenezwa. Mlango ulikuwa wazi. Shangazi alisimama nje akashindwa kupiga hodi, yeye aliyenifinya kwa ajili ya hodi.

Ndani sauti ya mwanamume ikaita, kwa nguvu, kama mtu anayegombeza kwa mapenzi: "Mariamu! We Mariamu!"

Shangazi alishtuka akaitika. Aliitika kabisa, kwa sauti: "Abee!"

Akatokea mlangoni msichana mdogo asiye na meno ya mbele, kijiko mkononi, akamtazama bibi huyu aliyeitikia jina lake. Nyuma yake akaja Abdu, baba yake, kofia kichwani na bisibisi sikioni. Na nyuma yao akaja Soa.

Soa alimtazama mama yake kutoka kichwani hadi kwenye viatu vya tope. Alipozungumza, alizungumza Kiswahili, kibovu, cha utotoni, na nilielewa kwamba alikichagua.

"Walipochoma nyumba, nilikaa bandarini na furushi la nguo. Nikasema mama atakuja. Kila mtu mwenye kanga nilidhani ni mama."

"Nilikuwa nangoja uje wewe," shangazi akasema.

"Nije peke yangu?"

Shangazi alifungua kanga. Kile chuma kilikuwa kimepinda ukingo, na tope la Antsohihy limejaa kwenye vishimo vyake. Akakinyosha mbele kwa mikono miwili.

"Ni chako. Nilikuibia. Nimekichafua njiani, nimekipinda, lakini nimekileta. Na kama humo ndani hakuna nafasi yangu, nitakaa hapa nje nifurahi kusikia mnavyoitana."

Abdu ndiye aliyesogea kwanza. Alikipokea chuma, akakigeuza kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwenzake, akasema kwa Kikomoro chake, nami nikakifuata polepole: "Hiki kinanyooka. Nyundo ninayo. Karibuni ndani, mama, jua kali." Kisha akanigeukia. "Huyu naye nani, mbona amepakwa udongo kama ukuta?"

"Mtoto wa kaka yangu," shangazi akasema huku akilia. "Ana cheti."

Soa akacheka. Hakutaka, lakini kicheko kilimtoka, na kicheko hicho kikavunjika kikawa kilio, na kilio kikawaangusha wawili hao kwenye kizingiti wakakaa hapohapo, miguu nje na vichwa ndani. Tuliwaruka ili tuingie.

Baadaye niliuliza kuhusu jina la mtoto. Abdu akashangaa kuulizwa. "Jina hilo hatukugombana," alisema. "Kwa mke wangu ni la mama yake. Kwangu mimi ni la mama yake Isa."

Alasiri ile chuma kilinyooshwa, kikasuguliwa kwa mchanga, kikapakwa mafuta. Mchele uliolowekwa ukasagwa, tui likakamuliwa, jiko likawashwa. Shangazi alikaa kwenye kigoda, Mariamu mdogo amebanwa katikati ya magoti yake, akishikishwa kijiko cha kugeuzia. Mokari ya kwanza iliungua. Ya pili ikatoka nzuri. Na katikati ya kumimina, bila kujitangaza, shangazi akaanza:

"Mtoto amelala, nasi tumeamka..."

Nilidhani nasikia vibaya. Aliufikisha mwisho ubeti wa kwanza, akaingia wa pili, sauti ileile ya mabati, isipokuwa sasa haikuwa inaita mbali. Soa alikuwa anaujua. Akaushika kwa chini.

Mimi nimeumbwa na mdomo. "Shangazi," nikasema, "bado Majilio! Mkesha haujafika! Hajazaliwa!"

"Nyamaza, baba," akanijibu bila kugeuka. "Koroga unga."

Abdu alisimamisha nyundo yake barazani. "Wimbo huo wa nini?" akauliza.

"Wa mtoto wa Mariamu," Soa akasema.

"Basi uimbwe," akasema Abdu, akarudi kwenye cherehani yake, akigonga taratibu ili asituharibie.

Mkesha tulikwenda kanisani. Soa hakwenda, wala hakulazimishwa. Ana njia yake na mumewe. Wimbo wa kwanza wa Krismasi ulipoanza nilimtazama shangazi. Alijifunga kanga. Nikadhani anatoka. Kumbe alikuwa anaifunga vizuri ili asimame, na alisimama, akaimba mpaka mwisho, huku mfukoni ana mokari nne alizofungiwa na mjukuu.

Meli yangu ilifika siku chache baadaye. Shangazi alikuja bandarini kunisindikiza kama alivyoahidi. Hakugeuza kwenda Nosy Be. Alisema msimu wa mvua barabara ni mbaya sana, atangoja kidogo. Alisema hivyo akiwa amemshika mjukuu mkono, na wote wawili walinicheka nilipoanza kutapika meli ikiwa bado imefungwa kamba.

Nilichojifunza ni hiki, nacho sikukipata kwenye masomo ya jioni. Tunapoimba njoo, tunaimba na miguu yetu pia. Mungu hakukaa kwake mbinguni akatwambia aliyeondoka ndiye arudi. Sisi ndio tuliokuwa tumeondoka, na yeye ndiye aliyefunga safari, akafika mahali pasipokuwa na nafasi, mdogo, mikononi mwa mwanamke aliyechoka na njia. Ndilo tumaini letu la Krismasi, na kwa ajili yake namshukuru, pamoja na yule dereva wa kofia ya sufu, na fundi Abdu, na kila aliyetupa mkeka.

Tanga nilifika Januari imeshika kasi, watu wamekwishasahau sikukuu na wanazungumza ada za shule. Baba alikuwa barazani, miguu juu ya kigoda. Hakuniuliza habari za safari. Aliuliza moja.

"Aliimba?"

"Aliimba, baba. Ila aliuanza mapema, siku mbili kabla ya mkesha. Jikoni."

Baba alikunja uso. Mlezi wa nyimbo za kanisa, mtu asiyeruhusu hata mluzi kukosea ufunguo. Nikadhani nimempa habari mbaya.

"Sauti gani?" akauliza.

"Ya kwanza. Soa akashika ya pili."

"Basi hawakuwa na ya nne," akasema, akakohoa, akashuka chini kabisa, na vikombe vikaanza kutetemeka mezani. Jirani alitoa kichwa dirishani kuuliza ni Krismasi gani hii ya Januari. Nikamfanyia ishara angoje, maana nami nilikuwa nimeshaingia ubeti wa pili.